Asali Ndani ya Maji ya Lambo

Nilipoharisha nikiwa kwa shangazi Butiama, alinipa asali. Sikuikataa. Nesi mmoja wa Bunda aliwahi kuniambia kwamba asali inaweza kudhoofisha vijidudu vya tumbo. Lakini shangazi aliikoroga kwenye maji ya lambo, yale yale yanayonywewa na ng'ombe, bila kuyachemsha.

"Shangazi, maji haya hayajachemshwa," nilisema kwa sauti ndogo.

"Asali inaua vijidudu, baba. Ya nini nimalize kuni? Bibi yako alikuwaga anakunywa hivi hivi."

Nilikunywa, kwa sababu sijui kubishana na mtu mzima. Nikarudi chooni. Yeye akaona dawa haijatosha, akaongeza asali, na maji pia akaongeza. Kila nilipotoka chooni nilimkuta amesimama na kikombe. Nilichoka hadi nikaichukia asali yenyewe, wakati haina kosa. Itapiganaje na vijidudu vya tumboni huku kila kikombe kinaleta vingine?

Mwishowe miguu ilianza kutetemeka. Niliingia jikoni mwenyewe, nikawasha moto na kubandika sufuria. Shangazi alicheka mpaka majirani wakasikia.

"Njooni muone, mwanamume anapika maji!"

Niliona aibu sana, lakini sikuondoka. Nilipuliza kuni hadi maji yakachemka, nikasubiri yapoe, nikajimiminia.

"Hata asali huweki?" akauliza.

"Niwekee, shangazi," nikasema. "Lakini kwenye haya."