Mapipa ya Mtani

Mngoni akimlalamikia Mhehe, Mhehe hucheka. Ndivyo tulivyorithishwa na babu zetu, waliopigana mpaka wakachoka wakaamua kutaniana, na sikuwahi kuona ubaya wa jambo hilo mpaka Tekla, Mngoni wa Gongo la Mboto, alipopata jambo la kweli la kumlalamikia Adelard, jirani yake Mhehe.

Tekla analima mchicha bondeni, kwenye kijito kinachopita nyuma ya nyumba. Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, sauti yake inasikika mtaa wa pili, na mchicha wake anausifu kuliko anavyowasifu wanawe. Juu ya kijito ipo yadi ya Adelard. Kampuni fulani iliikodi, ikaijaza mapipa ya mawe kutoka shimo la zamani la urani huko kusini, kisha ikafilisika na wenyewe wakatokomea. Masika ya mwaka huu mapipa yakaanza kutoboka kwa kutu, na Tekla akaona maji ya mvua yakitoka chini yake na kuteremkia kijitoni. Alama ya njano ya mionzi ubavuni mwa mapipa aliijua. Marehemu mumewe aliwahi kufanya kazi kwenye shimo la namna hiyo, na hakuruhusiwa hata kurudi nyumbani na viatu vya kazini.

Siku hiyohiyo akaacha kuvuna. Mchicha wa matutani akauacha utoe mbegu, akaanza kudamkia sokoni kununua mchicha wa wengine na kuuuza kwenye beseni lake lilelile, bila kumwambia mtu. Faida ikawa ya kununulia chumvi. Kisha akamwendea Adelard.

"Mtani, mapipa yako yatatuua."

"Nyie Wangoni mnaogopa hadi mapipa?" Adelard akacheka. "Si ajabu babu zangu waliwakimbiza."

Akaenda tena, na tena. Mara ya nne alikwenda na mwenyekiti wa mtaa. Adelard akasema, "Mzee, huyu ni mtani wangu," na mwenyekiti naye akaangua kicheko. Tekla alirudi nyumbani akalia kwa hasira.

Mwezi wa nane mama yake Adelard, Bibi Anjelina, akafariki kwa uzee. Alikuwa ameagiza azikwe hapahapa Dar, maana baridi ya Iringa alishaichoka akiwa hai. Watani wakajaa msibani kama kawaida. Mmoja alivaa suti ya Adelard akawa anapokea rambirambi, mwingine akalia kwa kuigiza mpaka wafiwa wakacheka. Makaburini, jeneza lilipotaka kushushwa, watu wakasikia sauti kutoka shimoni.

"Hazikwi mtu hapa!"

Alikuwa Tekla, amekaa chini humo na khanga yake mabegani, ameegemea udongo kama yuko kwenye kochi. Watu wakacheka. Utani huo unajulikana, na mtani wa kaburini hutolewa kwa noti. Adelard akadondosha elfu kumi. Ikarushwa juu. Akadondosha nyingine, nayo ikarudi.

"Unataka nini, mtani?"

"Mapipa yatoke."

"Tekla, tunazika, bwana!"

"Mama yako alikuwa mteja wangu wa mchicha, Adelard. Kila Jumamosi."

Kicheko kikakatika. Adelard akatazama jeneza, akatazama shimo. Tekla alikuwa anajifuta machozi, na haya hayakuwa ya kuigiza, kila mtu aliliona hilo. Palepale, mbele ya katekista na waombolezaji, Adelard akatoa simu akampigia binamu yake aliye serikalini amtafutie wataalamu wa mionzi.

"Weka sauti kubwa," Tekla akasema, "na sie wa huku chini tusikie."

Wataalamu walikuja Jumanne na mashine zao. Wakaondoa mapipa, wakaziba mfereji, wakachukua maji na udongo wa kijitoni kwenda kupima, na wakamwagiza Tekla ang'oe kila kilichoota mpaka majibu yatoke. Adelard akaja na glavu kumsaidia. Aling'oa tuta zima bila kutania hata mara moja, na kwa Mhehe yule hiyo ni rekodi.

"Dada Tekla," akasema mwishowe, "niambie kweli. Mama amekula mchicha huu kwa muda gani?"

Tekla akamhurumia.

"Tangu masika sijamuuzia hata jani moja la hapa. Nilikuwa nanunua sokoni. Yeye anausifu tu, eti bonde langu lina baraka."

"Kwa hiyo kule kaburini ulinitisha bure?"

"Hukuuliza. Nimekuja kwako mara nne, mtani, hukuuliza kitu."

Adelard akakaa juu ya tuta. Alianza kwa kucheka, halafu akalia, na siku ya mazishi hakuwa amelia hata kidogo. Tekla akamwacha alie, akaendelea kung'oa.