Shimo la udongo la mgeni wetu, na jina tulilolizika humo

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa mjini na wa porini.

Hii si chai. Nilikuwepo, na kila aliyekuwepo bado yuko hai.

Mimi ni bwana shamba huku Nyang'hwale, nje kidogo ya Kharumwa. Kijiji chetu kilikubali kupokea mwanafunzi wa kilimo, dada mmoja kutoka Denmark, ile mipango ya kubadilishana wanafunzi.

Wananchi walijitoa haswa. Huyu kaleta kuku, yule kitanda, akina mama wakasiriba upya chumba cha mgeni. Akafikia kwa Baba Limi na mkewe, wazee ambao mabinti zao wote wameolewa mbali.

Siku anaingia mvua ilinyesha, basi Mama Limi akampa jina la Kisukuma la mtoto wa mvua: Kabula. Dada akalipenda kuliko la kwao. Asubuhi anafagia uwanja, "Shikamoo baba, shikamoo mama," hadi nikamtania kwamba mahari yake tutaila sisi.

Sasa, alikuwa anasomea udongo. Alitaka shimo la kuingia mwenyewe, asome tabaka zake ukutani.

Vijana wetu ni wachimbaji wa dhahabu, ukiwaambia chimba hawana utani. Walitoa kitu kimenyooka, urefu wa mtu aliyelala, kina cha kifua. Nyuma ya nyumba ya Baba Limi kabisa. Na lilitakiwa likae wazi, maana kazi haikuwa ya siku moja.

Wapita njia wakaanza kusimama.

"Kaburi la nani hili?"

Baba Limi alikuwa na homa ya kawaida tu. Aliposikia lile swali kupitia dirishani, akaacha kula. Nilipoenda kumwona akaniambia kwa upole, "Bwana shamba, limeshachimbwa. Lina mwenyewe."

Zahanati walimpima, hawakuona cha kutisha. Lakini mzee alikuwa anakwisha huku tunamwangalia. Niliogopa, wakuu.

Nikasema tufukie. Wazee wakakataa: kaburi likishafunguliwa halifungwi tupu. Wakakata mgomba, wakauvika sanda, ukawa msiba kamili mchana kweupe. Akina mama walilia machozi ya kweli. Mimi na diploma yangu nimesimama pale pamoja nao.

Mzee aliyeongoza akauliza, "Tunamzika nani?"

Udongo lazima uambiwe jina. Nani atoe lake, au la mwanawe?

"Kabula," akasema yule dada.

Mama Limi akamvuta mkono. "Ng'wanone! Mwanangu, hapana!" Lakini jembe la kwanza lilikuwa limeshamwaga udongo.

Baadaye nilimuuliza dada kwa nini. Akasema kwao ana jina jingine, lakini baba hana maisha mengine.

Jioni ile Baba Limi aliomba ugali kwa dagaa, akamaliza.

Kuanzia hapo hakuna aliyemwita Kabula tena. Akisalimia, watu wanaitikia huku wanatazama pembeni yake, kana kwamba kuna mwingine amesimama hapo. Watoto wakimwona wanaacha mchezo. Mama Limi alimpakulia chakula vilevile, ila sasa anamwita "mgeni." Siku moja nilimkuta dada analia nyuma ya banda la kuku.

Akarudi kwao. Mzee hadi leo anachunga ng'ombe wake.

Juzi dada kapiga simu yangu, nikaweka sauti kubwa, nikampelekea Mama Limi.

"Shikamoo mama. Ni mimi, Kabula."

Mama alisikiliza, machozi yanamtoka. Kisha akaichukua simu, akazunguka nyuma ya nyumba, akailaza juu ya tuta la lile kaburi.

"Mwenye jina hilo yuko hapa," akaniambia, akarudi jikoni.

Simu ikabaki pale chini inaongea. "Mama? Mama, unanisikia?"

Nilichojifunza: mgeni ukimpa jina, mpe na uzito wake. Sisi tulimpa kwa vigelegele, hatukumweleza kitu.

Mwanafunzi mwingine anakuja, na akina mama wameshaanza kusiriba chumba. Sina shida na hilo.

Nina shida na hili: dada kanitumia ujumbe anauliza afanye nini ili mama amwite tena. Mwenye kujua jina linavyotolewa kaburini aseme hapa, maana bado sijamjibu.