Mtani wa Siku Tatu

Aibu hii naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana watu wa Muhaisnah, kambi yetu ya wafanyakazi kule Dubai, wanaijua yote na kila mmoja anaitia chumvi yake, na nilichofanya kinatosha bila chumvi.

Miaka hiyo nilikuwa nasafisha vioo vya maghorofa Dubai, na mnavyonijua, kitu nikitaka kukijua silali. Nilitaka kujua babu yangu mzaa baba alikuwa kabila gani. Baba alifariki nikiwa mdogo, na alizaliwa kambi ya mkonge Korogwe, walikoletwa watu kutoka kila pembe, kwa hiyo nilijiita tu mtu wa Tanga, na Watanzania chumbani wakianza kutaniana kwa makabila mimi nacheka vya wenzangu (inauma, msione hivi). Rafiki yangu wa Dar akanitafutia kwenye nyaraka za zamani karatasi za kuhesabu watu wa kambi ile, enzi za mkoloni. Nyingi hazikuonekana kabisa. Ikapatikana moja, akaipiga picha akanitumia, na jina la babu lilikuwepo, ila pale penye kabila mchwa walikuwa wameshakula wakashiba.

Nikaikuza ile picha kwenye simu, ndani ya basi la kampuni, nikaona waliomtangulia babu ni Wanyamwezi na waliomfuata ni Wanyamwezi. Nikajiambia, mtu hukaa na wenzake. Basi nikawa Mnyamwezi, nikafurahi kuliko siku niliyopata viza.

Ijumaa ya wiki ile ile Sefu, Mzaramo wa Kisarawe tuliyekuwa tunalala naye chumba kimoja, akapigiwa simu kwamba baba yake amefariki. Ruhusa ya kwenda kuzika hakupata. Tukatandika mikeka, watu wakaja kumsomea marehemu dua, na Sefu amejiinamia, hata chai hagusi. Nikakumbuka kwamba Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na kazi ya mtani msibani ni kuwavuruga wafiwa mpaka wacheke. (Utani wenyewe nilikuwa nao tangu Jumanne.)

Nikachukua kofia iliyotundikwa msumarini, ambayo marehemu alimpa Sefu siku anasafiri, nikaivaa, nikajinyoosha kitandani kwake, mikono kifuani, nikasema, "Sizikwi. Nyie Wazaramo wavivu, kaburi mtachimba kina cha sufuria. Nileteeni mbuzi kwanza."

Watanzania wakaangua kicheko. Sefu naye akacheka, akafuta machozi, akanirushia pakiti ya biskuti. "Mbuzi wako huyo, mtani. Kula unyamaze."

Hapo ningeshuka yakaisha. Sikushuka. Nikadai na mchuzi, nikamwigiza marehemu anavyokohoa, nikazuia dua isianze.

Wanjala, mlinzi Mkenya aliyekuja kutoa pole, hakuwahi kuona mambo haya. "Boss, huyu ako sawa kweli? Mtu amefiwa, na yeye amelala hapo anaitisha nyama?" Akaelezwa utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, akatikisa kichwa, kisha akaniuliza, "Na si ulisema kwenu ni Tanga?"

Nikatoa simu kwa madaha nikamwonyesha ile karatasi. Akaitazama, akaigeuza. "Lakini hapa kwa babu yako hakuna kitu. Ni shimo."

Watu wakasogea kuchungulia. Nikaona nadharauliwa, nikasema khalas, yaishe, nampigia shangazi Korogwe, dada yake baba, mumsikie wenyewe. Nikaweka spika.

"Shangazi, waambie hawa, babu alikuwa Mnyamwezi, sivyo?"

"Nani kakwambia? Babu yako Mzaramo wa Kisarawe. Wanyamwezi walikuwa majirani zake kambini, watani zake hao. Siku ya kumzika mmoja aliingia kaburini akagoma kutoka mpaka akapewa jogoo. Nimeona kwa macho yangu."

"Mbona hukuniambia siku zote?"

"Uliniuliza lini, baba? Ulinitumia picha, ukasema nisijisumbue, umeshapata. Uko wapi, mbona kimya hivyo?"

"Niko msibani, shangazi. Kwa Mzaramo wa Kisarawe."

"Basi pole. Umefiwa."

Na mimi bado nimelala, kofia kichwani. Mzaramo anayemkejeli marehemu wa Kizaramo si mtani, ni mtu aliyekosa adabu, na kila aliyekuwa chumbani alilijua hilo. Nilitamani godoro linimeze. Sefu akainuka, akanivua kofia taratibu, akasema, "Shuka, ndugu yangu. Wafiwa wanakaa chini." Akanisogezea nafasi mkekani.

Nikakaa. Watu wakapita kunipa mkono wa pole, mmoja mmoja, Wanjala naye, na mimi niliyekuja kuchekesha nikalia kweli, nikimlilia babu nisiyewahi kumwona. Aibu ilinichoma, lakini angalau nilikuwa nimejua kwetu ni wapi.

Nimeapa sitajaza tena shimo la karatasi kwa kichwa changu. Siku hizi nampigia shangazi kwanza, namuuliza hili na lile, na akisema hilo halijui, naandika hivyo hivyo, kwamba halijulikani.