Magunia Niliyoyageuza Nje Ndani

Hata wanangu siwasimulii haya, lakini ninyi si wageni, basi sikilizeni nilivyoumbuka mbele ya soko zima la Mbeya, mwaka wa hamsini na kitu, nilipokuwa karani wa Bwana Ramji, mfanyabiashara wa maharage (kaptula ya kaki, kalamu mfukoni, najiona Bwana Shauri mwenyewe, yule Mzungu mkuu wa wilaya).

Bwana Ramji alikuwa amebanwa pande mbili. Magunia yetu yalitoka Bombay kwa shemeji yake, Bwana Harilal, na serikali ya India ilikuwa imekataza bidhaa zake zisifike Afrika Kusini, hata gunia tupu, na Harilal alikuwa ametia sahihi kwamba la kwake halitaonekana huko, likionekana ananyang'anywa leseni. Huku kwetu Mwingereza hakuwa na katazo hilo, na maharage yalikuwa yameshauzwa kwa mteja wa Johannesburg kwa mkataba, Bwana Ramji asipoyapeleka anashtakiwa hapa hapa Mbeya. Sasa ufanyeje? Bwana Ramji akapata njia ya kutii sheria zote mbili, akaniambia, "Karani, nenda Iringa kwa rafiki yangu, ana magunia yaliyotumika, si ya India. Tutafunga humo."

Nami nilikuwa nimeshakula vumbi la barabara ile mara mbili mwezi huo. Nikajisemea, gunia ni gunia. Ufunguo wa stoo ninao mimi, nikachukua magunia arobaini mapya ya Bombay, nikayapeleka Uyole kwa wakwe zangu, nikayageuza nje ndani ili mhuri wa bluu wa Harilal ujifiche, nikayaburuza mavumbini yaonekane yamezeeka, nikala viazi siku mbili, nikarudi mjini nimejipaka vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Iringa kulikuwaje?" Bwana Ramji akaniuliza.

"Baridi, Bwana," nikasema, nikaongeza na habari za mvua (nani aliniuliza mvua?).

Siku ya kupakia lori, Harilal mwenyewe alikuwapo, amekuja kumsalimia dada yake, mke wa Bwana Ramji. Mpagazi mmoja, Mwambene, akasimama na kulabu yake. "Karani, magunia haya mshono uko nje, kulabu inashika uzi."

"Ndivyo wanavyoshona Iringa," nikamjibu. "Pakia."

Akapakia. La tatu kulabu ikanasa, uzi ukafumuka wote, maharage yakamwagika kufuata mteremko, kina mama wakaacha meza zao wakaja na vikapu, na gunia likaanguka limepinduka, mhuri wa bluu juu. Harilal akaliokota akausoma mhuri.

"Hili ni langu," akasema.

Bwana Ramji akanigeukia. "Karani, Iringa ulifika?"

Kabla sijafungua mdomo, dada wa mke wangu, aliyekuwa anaokota maharage miguuni pangu, akainua kichwa, maskini, bila ubaya wowote. "Iringa lini, shemeji? Si ulikuwa kwetu Uyole, na viazi ukaongezwa?"

Soko lote likacheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikaanza kumwomba Harilal radhi, nikisema sikujua kama karatasi za serikali ni jambo kubwa hivyo. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Akakaa juu ya gunia, akaniambia taratibu, "Kaka yangu anaishi Durban, huko huko Afrika Kusini. Pale posta mlango wake ni wa nyuma, kwa sababu ni Mhindi. Serikali yetu imekataa kufanya biashara na wanaomfanyia hivyo; katazo hili ni kwa ajili yake."

Mimi mwenyewe benki ya Mbeya nilikuwa nahudumiwa dirishani, nje, Wazungu wakiingia ndani, na siku zote nilidhani aibu ile ni yangu peke yangu.

Bwana Ramji hakunifukuza. Jioni ile ile nilipanda basi la Iringa, safari hii kweli, nikayaleta magunia, na maharage nikayahamisha mwenyewe, gunia kwa gunia, Mwambene amekaa ananitazama. Tangu siku hiyo, nikikuta katazo sijitafutii ujanja kabla sijauliza linamtetea nani, maana lile nililochezea lilikuwa linatetea mtu kama mimi.