Gofu ya Akina Mama Imenishikisha Ungo

Leo nimepepeta maharage kwa ungo mbele ya nyumba yangu, mchana kweupe. Sababu ni gofu.

Msicheke kwanza.

Runinga ilionyesha wale akina mama wanaolipwa kucheza gofu huko nchi za baridi. Msimu mzima wanazunguka, mara Uswidi, mara Denmaki, na leo ndiyo wanamaliza.

Mimi michezo naijua, mtaa wetu wa Matogoro mzima ni shahidi. Nikamwambia mke wangu, "Mama Faustini, kila mtu achague wake. Atakayeshindwa atapepeta maharage."

Runinga ikaonyesha namba zao za jana, nikachukua mwenye kubwa kuliko wote. Themanini na moja! Mke wangu akachukua wa sitini na sita.

"Huyo wako kaachwa mbali, masikini," nikamwambia.

"Haya, Baba Faustini. Tuone."

Mara wa kwangu anafuta machozi, wa kwake anabeba kombe!

Kumbe kule wanahesabu umepiga mara ngapi, na aliyepiga chache ndiye mshindi. Mchezo gani huo, ndugu zangu? Semeni nyinyi.

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Nilimuuliza mjukuu wako kwenye simu. Wewe kuuliza huwezi."

Basi nikashika ungo. Nusu ya maharage imekwenda chini, kuku wananisifu.

Na majirani, kila anayepita anasimama. "Shikamoo mzee. Kwani bibi anaumwa?"

Marahaba. Haumwi. Yuko ndani, anaangalia marudio.