Mgeni Asiyebisha

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, nyumbani tunamwita Mama Kasoro. Tangu mdogo hajawahi kupewa kitu asikigeuze chini kukitazama. Sasa ndiyo kazi yake: anasimamia ripoti za hitilafu za programu ya seva, ile inayopokea wanaofungua tovuti na kuwapa kurasa wanazotaka. Imeandikwa kwa Java, na haina mwenyewe. Yeyote anaweza kuisoma, kuilalamikia, hata kupeleka marekebisho. Kisha wanabishana hadharani mpaka kieleweke.

Hapo tu ndipo ninapoipenda. Mimi nilijifunza kutengeneza saa kwa kusoma vitabu vilivyotupwa, na katika mtaa wetu wa mafundi ukifanya kazi mbovu ulirushiwa usoni mchana kweupe. Siku hizi mtu anakuharibia huku anakuchekea.

Akaja mgeni waliyempachika jina la Mpole. Hakuna aliyemjua sura wala sauti. Alirekebisha yale wengine waliyoyakwepa, na kila alipokosolewa alishukuru. Msimamizi mwenzake mpwa wangu, Injinia, alikuwa amechoka kwa wingi wa kazi. Akataka Mpole apewe ufunguo, yaani ruhusa ya kuingiza marekebisho bila kukaguliwa. Ilihitajika kauli ya wote wawili. Programu ile imo katika mabenki na mahospitali. Ukimpa mwizi ufunguo huo, umemfungulia nyumba usizozijua.

“Unamtafutia nini mtoto wa watu?” Injinia alifoka, simu ya mpwa wangu ikiwa mezani kati yetu, spika wazi. “Kosa lake adabu?”

“Ndiyo. Imezidi,” mpwa wangu akajibu.

“Wewe hata malaika ungemkagua mbawa!”

Nikadakia, “Kikulacho ki nguoni mwako.”

“Mjomba, tulia. Wewe hata mita ya maji unaishuku,” mpwa wangu akanigeukia.

“Na inaniibia!”

Mpole alikuwa ameleta dawa ya kasoro moja sugu: mtu akiondoka kabla ukurasa haujamfikia, seva iliendelea kumshikia nafasi, nafasi zikajaa, wengine wakabaki nje. Katika dawa hiyo, mstari mmoja ndio ulioachia nafasi. Mpwa wangu alijua fika kwamba uko sawa. Akamwandikia: mstari huu una makosa, utoe.

“Fundi wa kweli atanitukana,” akaniambia.

Nilimwelewa. Jirani yangu fundi viatu, Mungu amrehemu, alimfukuza mteja aliyemwambia apunguze mshono.

Jibu lilikuja chai haijapoa: “Umesema kweli, dada. Samahani. Nimeutoa.”

“Huyu hataki seva ipone,” mpwa wangu akasema. “Anataka nimpende.”

Akamnyima ufunguo. Akaandika mbele ya wote kwamba alimtega, kwamba mstari ulikuwa sahihi, na kwamba Mpole anakaribishwa aje agombe. Mpole hakurudi tena. Injinia alipiga simu, akasema, “Umemuumiza mtoto wa watu,” akakata. Labda. Lakini nimeishi na mafundi maisha yangu yote. Aliyeumia kwa ajili ya kazi yake hurudi, walau kutukana.

Mstari ule mpwa wangu aliurudisha kwa mkono wake, akauweka wazi ukaguliwe. Asubuhi Injinia alikuwa ameushukia herufi kwa herufi: huu nini, huu kwa nini, nani kakufundisha hivi?

Mama Kasoro akavuta kiti, akakunja mikono ya gauni.

“Huyu sasa,” akasema, “namjua.”