Maji ya Mtungi kwa Samaki wa Sarla

Sisi samaki tulimjua kwenye kikaango. Mume wangu alimleta kutoka soko la Feri, mimi nikamkaanga uani, na mama mkwe wa Sarla akafunga dirisha lake kwa kishindo ili nisikie. Kwa hiyo Chandu, mume wa Sarla, aliponunua tangi la vioo kwenye mnada wa vitu vya Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, na ndani mna samaki wawili hai, nilicheka mpaka nikakaa chini. Wahindu wasiogusa hata yai, leo wanafuga samaki!

Kumbe samaki wale hawakula nyama. Walikuwa weusi, bapa, mdomo uko chini, na dume ana vinyama puani kama ndevu zisizochanika. Kutwa walikwangua ukoga kwenye vioo na kwenye kigogo kilichozama. Sarla aliwanunulia mchicha na tango Kariakoo. Mchicha akauchemsha kidogo, tango akalifungia jiwe lizame, na mabaki akayatoa kabla hayajaoza. Mama mkwe wake, ambaye sote pale mtaani Mchafukoge tulimwita Ba, aliporidhika kwamba wanakula majani tu, akaruhusu wakae chumba cha mbele, karibu na rafu ya miungu yake.

Sarla alikuwa mtu wa sauti ndogo. Aliletwa kutoka Bara Hindi akiwa bibi harusi, na katika nyumba ile Ba ndiye aliyeamua chumvi, nguo, hata saa ya kulala. Kwa samaki tu ndiko hakuingiliwa. Siku alipoona dume amejibanza ndani ya kipande cha bomba la udongo, anapepea mayai ya rangi ya chungwa kwa mapezi, hatoki hata kula, alikuja mbio kunivuta. Nikachungulia dirishani, maana sisi walaji samaki Ba hakuturuhusu kuingia ndani mwao. Muda si mrefu jike akafa. Hatukujua kama Dar es Salaam nzima kuna mwingine wa aina ile, kwa hiyo mayai yale ndiyo yaliyobaki.

Ikaja siku ya Ba ya kufunga. Kwao alikozaliwa, siku kama hiyo watu huwatupia samaki wa ziwani vidonge vya unga ili wapate thawabu. Ba akakanda unga wa ngano, akatumbukiza tangini bakuli zima. Sarla alikuwa sokoni. Na maji ambayo Sarla aliyalaza kwenye ndoo kwa ajili ya samaki, Ba alikuwa ameshayaogea.

Sarla aliporudi, tangi limekuwa jeupe kama maji ya kuoshea mchele, linanuka uchachu. Dume alikuwa mdomoni mwa bomba akihema kwa shida, bado anapepea. Maji ya bombani yana dawa, sharti yalale kwanza. Kuyasubiri mpaka kesho ilikuwa kusubiri maiti.

"Dada Zena," Sarla akanijia mbio, "mitungi yako uliijaza lini?"

"Jana asubuhi. Unataka kunywa?"

"Nataka yote."

Roho iliniuma, sitaficha. Ba hakuwahi kupokea kwangu hata kikombe cha maji. Sikukuu nikimpelekea visheti anashukuru vizuri, halafu namkuta mfagiaji anavitafuna. Leo maji yangu yawafae samaki wake? Lakini Sarla alikuwa ameshafunua mtungi wa kwanza. Nikachota ndoo.

Ba alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, Ba."

"Marahaba. Maji hayo ya wapi?"

"Ya mtungini kwa Zena," Sarla akasema.

Ba akaitazama ndoo, akaitazama rafu. "Ngojeni. Nihamishe miungu kwanza."

Akaanza. Kisanamu kimoja akakifuta, akakifunga kitambaa, akakipeleka chumba cha ndani kwa magoti yake mabovu, akarudi kuchukua kingine. Mimi nilikuwa nachemka. Dume akalala ubavu. Mapezi yakasimama, yakapepea, yakasimama tena.

"Ba, tafadhali!"

"Hawabebwi ovyo, Sarla."

Sarla akainua ndoo, akampita. "Unga umetia wewe, Ba," alisema bila kupaza sauti. "Kama ni dhambi, iwe yangu."

Akapita mbele ya miungu iliyobaki, akaanza kumimina kwa kikombe, polepole, kando ya kioo, samaki asishtuke. Nikangoja kelele. Ba akaja na kisanamu mkononi, akapiga magoti mbele ya tangi. Mayai mengine yalikuwa yameshakuwa meupe, yameharibika.

"Nimewaua?"

"Sijui, Ba."

"Nilitaka kuwalisha tu." Akalia kama mtoto, na hasira yangu ikaniisha palepale. Akanigeukia. "Zena, yamebaki mengine?"

"Mtungi mmoja, wa watoto."

"Watoto watakunywa kwangu. Lete. Ingia nayo mwenyewe."

Niliingia. Tulitoa machafu na kutia masafi mpaka mtungi ukakauka. Dume akajiinua, akarudi bombani, na mapezi yakaanza kupepea.

Walioanguliwa walikuwa wachache, wadogo kuliko punje ya ulezi, wameng'ang'ania bomba. Sarla alinionyesha kwa kidole, mmoja mmoja. Wageni walipokuja kuwatazama, Ba ndiye aliyekaa mlangoni.

"Wa Sarla hao," akamwambia kila aliyeingia. "Usiwape kitu mpaka umwulize mwenyewe."